Saratani ya Ini: Tuulize Kabla ya Kuchangia

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia)



Mara nyingi kamati zetu hupokea ombi la mchango kwa ajili ya mgonjwa wa saratani ya ini. Familia imesikia habari za dawa fulani, na iko tayari kuuza shamba ili kuipata. Kwa hiyo leo nitazungumzia mfano wa dawa moja, tamoksifeni.

Dawa hii huzuia homoni ya estrojeni isichochee saratani, na imewasaidia wanawake wengi wenye saratani ya matiti. Wataalamu waliona kwamba baadhi ya saratani za ini nazo hupokea estrojeni, wakaona ifaa kuijaribu. Majaribio ya mwanzo, yenye wagonjwa wachache, yalileta matumaini.

Ndipo yakafuata majaribio makubwa. Nchini Italia wagonjwa 496 waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa tamoksifeni, lingine halikupewa. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kuwa waliopewa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya nchi za Asia na Pasifiki, kwa wagonjwa 329. Huko wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa kipi. Dawa haikusaidia, na waliopewa dozi kubwa walikufa mapema zaidi.

Ndugu zangu, nia ilikuwa njema. Lakini bila kundi la kulinganisha, wagonjwa wangeendelea kununua dawa isiyowafaa. Basi tukiombwa mchango, tumuulize daktari: dawa hii imelinganishwa na nini, na kwa wagonjwa wangapi? Jibu likikosekana, fedha zetu zimsaidie mgonjwa kupata dawa za maumivu, nauli na uangalizi nyumbani.

Kinga nayo imethibitika. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina B mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Hapa Tanzania chanjo hiyo hutolewa kwa watoto tangu mwaka 2002. Tuwahimize wazazi wakamilishe dozi zote. Tukaushe pia mahindi na karanga vizuri, visiote ukungu wenye sumukuvu, ambayo nayo huleta saratani ya ini.