Neno «return» katika karatasi zetu

Maongezi mbele ya wanamemba, mukutano wa miezi mitatu



Komite iliniomba nifasirie neno moja la Kiingereza, juu linatokea kila mara katika karatasi tunazotia kidole. Ni «return». Wengi wetu tuliishi miaka na miaka Tanzania ao Zambia, tunalijua sawa jina letu: «returnee», mutu aliyerudi kwao. Lakini ukilifasiria «kurudi» kila mahali, utapotea.

Muingereza alilitoa kwa Kifaransa cha zamani, akalibebesha mizigo yote. Mufaransa mwenyewe anagawanya: «revenir», «rentrer», «rendre», «renvoyer», «rapporter». Muingereza anatosheka na moja. Tiketi ya «return» ni ya kwenda na kurudi. Mununuzi akirudisha nguo dukani juu haimutoshi, ile nguo ni «return». Akimutakia mwenzake heri ya siku ya kuzaliwa, anamutakia «returns» nyingi, maana siku hiyo imurudilie tena na tena. Mulioishi Zambia munakumbuka «returning officer» wa uchaguzi. Yule harudi popote! Zamani kule Uingereza, barua ya mufalme ya kuagiza uchaguzi ilimufikia mukubwa wa jimbo, naye aliirudisha na jina la aliyechaguliwa. Kazi ilibaki na jina hilo.

Tuje kwa makuta. Katika karatasi za mikopo, «return» mara nyingi ni faida: umetia dola 100 katika biashara ya ndagala, ukatoa 112, zile 12 ndizo «return». Lakini «return the loan» ni kurudisha mukopo wenyewe. Na «tax return» si feza hata kidogo, ni fomu ya kuelezea serikali ulichopata, ile Mufaransa anaita «déclaration». Sasa mama anaona kwenye mustari «expected return: 12». Akifikiri ni tarehe 12 ya kulipa, kumbe wanamuuliza faida anayotazamia, tayari muko na kesi ambayo hakuna mutu aliitafuta.

Pale neno hili linapokuwa zito kabisa ni katika sheria. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 13, linasema kila mutu ana haki ya kutoka katika inchi yoyote na kurudi katika inchi yake. Hapo «return» ni miguu yako mwenyewe. Mukataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 33, unakataza «return» ya mukimbizi kule ambako maisha yake ao uhuru wake viko katika hatari. Hapo ni mukono wa serikali unaomusukuma. Na ona: katika maandiko ya Kiingereza yenyewe, walioandika waliweka neno la Kifaransa «refouler» pembeni, juu «return» peke yake haikuonyesha ule musukumo. Kiswahili hakina shida hiyo. Kurudi, kurudishwa, kurudishiwa: kila mutoto anasikia nani anafanya na nani anafanyiwa.

Kwa hiyo ripoti ikisema watu elfu fulani «returned», tuko na haki ya kuuliza: walirudi, ao walirudishwa? Na «return to the land» ni kurudi kijijini, lakini «return of the land» ni kurudishiwa shamba. Kurudi tumerudi. Mashamba ya wengi wetu yangali yanalimwa na wengine, na hesabu inayomalizika pale mutu anapovuka mupaka haionyeshi hiyo. Wafadhili wetu, ninasema bila kuwalaumu: mukiandika «return», muongeze ya nani, na ya kitu gani. Mukitutumia na Kifaransa pembeni, tutasaidika sana.

Kwa wanamemba: usitie kidole mbele ya kusikia mustari huo kwa Kiswahili. Uliza vitu vitatu: nini inarudi, inarudi kwa nani, na siku gani. Mutu akikuambia «ni kawaida tu», ngoja kwanza.

Karatasi mupya za mukopo ziko kwa sekretere. Tutazisoma pamoja kwa Kiswahili Jumamosi hii, kisha ndipo mwenye kutaka atie kidole.