Urea Isiachwe Peke Yake Shambani

Msikilizaji, kila msimu unapokaribia, kuanzia Kongwa hadi Bahi, mkoani Dodoma, husikika kauli ileile: mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi. Kauli hiyo inastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu anayeikataa urea, mojawapo ya mbolea hizo, kwa hofu hupata hasara, na anayeitumia bila kuijua hupata hasara vilevile.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hauna fosforasi wala potashi. Mtama, uwele na mahindi vinaihitaji sana naitrojeni hiyo. Lakini anayetia urea tupu mwaka hadi mwaka huikuzia mimea yake hamu ya virutubisho vingine, navyo huondoka shambani na kila gunia linaloingia ghalani bila kurudishwa.

Kisha kuna hasara inayopotelea hewani. Urea ikipata unyevu kidogo, vimeng'enya vya udongo huigeuza kuwa amonia. Chembe zikiachwa juu ya ardhi yenye joto, bila mvua ya kuzizamisha, amonia hiyo huruka. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na mara nyingi Februari mvua hukatika katikati ya msimu. Mashamba yetu mengi ni ya kichanga, yenye mboji haba, hayana nguvu ya kuishika amonia. Anayerusha urea juu juu na kuiacha juani anapoteza sehemu ya fedha yake.

Amonia inayobaki, bakteria huigeuza kuwa naitreti, na mgeuko huo huacha tindikali ardhini. Kuifuta tindikali ya mfuko mmoja kunaweza kudai takribani kilo 40 za chokaa. Mfuko mmoja hauui shamba. Urea tupu kwa miaka mingi, kwenye mchanga usio na mboji, hulichosha.

Hata hivyo, tusimbebeshe mshtakiwa mmoja makosa ya wengi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yameharibika vibaya. Makorongo ya huko hayakuchimbwa na urea. Yalichimbwa na maji yaliyopita juu ya ardhi iliyovuliwa nguo.

Kwa hiyo dawa ianzie kwenye mboji. Mkoa huu una ng'ombe, na samadi inalundikana mazizini huku shamba la jirani likidhoofu. Isambazwe kabla ya mvua. Mabua yasichomwe. Kunde, karanga na njugu mawe zipishane na mtama. Matuta yafungwe kwa vizuizi ili maji yatuame na kuzama. Urea ije baadaye, kukuzia, baada ya palizi na ardhi ikiwa na unyevu: kiasi cha kizibo cha soda kando ya shina, isiliguse, kisha ifukiwe papo hapo. Mvua ikikatika, subiri.

Mwaka 2022 serikali ilileta ruzuku iliyoushusha mfuko wa urea kutoka zaidi ya shilingi 120,000 hadi 70,000. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini bei nafuu bila kipimo cha udongo humfanya mkulima anunue kwa kubahatisha, na udongo wa mbuga za Bahi si sawa na mchanga wa Chamwino. Ninaziomba halmashauri zetu zipeleke vifaa vya kupimia udongo hadi kwenye kata, pamoja na maafisa ugani wa kuyaeleza majibu. Nawe mkulima, kabla hujanunua mfuko wa msimu huu, toa kwanza samadi zizini uipeleke shambani.