MTOTO ASIYE NA KWAO NI WA NANI?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya baraza la wazazi, wazee wa vijiji na walimu. Tunayapiga chapa kama yalivyosemwa, ili wale wasiohudhuria nao wapate kuyasoma.)



Shauri nililoleta si geni kwenu. Ni shauri la mtoto ambaye wazazi wake wamekufa, au wametoweka, au ni wagonjwa, au wamo kifungoni, au wameshindwa kabisa kumtunza. Mtoto huyo alale wapi usiku wa leo? Nani atampeleka shuleni kesho? Na akifika miaka 18, nani atamwonyesha njia?

Najua jibu mtakalonipa. Mtasema kwamba tangu zamani mtoto wa Kiafrika hakukosa kwao. Baba akifa, yuko baba mdogo. Mama akifa, yuko mama mkubwa. Na nyanya yuko daima. Maneno hayo ni ya kweli, na yafaa tuyashukuru, maana hata leo watoto wengi waliofiwa katika Kenya hulelewa na jamaa zao. Lakini mambo yamebadilika. Ukimwi uliwaua wazazi wengi wa rika moja, ukawaacha nyanya wazee na wajukuu wasio na baba wala mama. Watu nao wamehama mashambani kwenda Nairobi, Mombasa na Nakuru, na jirani wa mjini pengine hajui hata jina la mtoto aliye mlango wa pili. Kwa hiyo wapo watoto ambao ukiwatafutia jamaa humpati hata mmoja, au ukimpata hana uwezo.

Kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo wametiwa katika makao ya watoto. Wengi waliofungua makao hayo walisukumwa na huruma, wala sitaki mtu atoke hapa akisema kwamba nimewatukana. Hata hivyo, yafaa tuitazame kazi yenyewe. Katika makao, mtunzaji mmoja huangalia watoto wengi, na zamu yake ikiisha huenda kwake, akaja mwingine. Mtoto mchanga akilia usiku, mkono unaomwinua leo si ule uliomwinua jana. Mtoto mkubwa hula kwa kengele. Hatumwi dukani, hajui bei ya unga, wala hamwoni mama akipatana bei sokoni au baba akigawanya mshahara wa mwezi. Kisha akifika miaka 18 huambiwa kwamba sasa yeye ni mtu mzima, na aende. Aende wapi?

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Katika mwaka 2000, mjini Bucharest katika nchi ya Romania, wataalamu watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika makao. Kwa njia ya kura, nusu yao walipelekwa kwa walezi waliochaguliwa na kufundishwa, na nusu wakabaki katika utunzaji wa siku zote. Habari zilizotangazwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba wale waliopata mlezi wa nyumbani waliwapita wenzao katika vipimo vya akili. Tena, waliotolewa makaoni wakiwa wadogo zaidi, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, ndio waliofaidika kupita wote. Fundisho lake ni hili: kila mwezi mtoto mchanga anaokaa bila mtu wake mwenyewe una gharama, na mwenye kulipa gharama hiyo ni mtoto.

Sheria zetu zimekwisha kuliona jambo hili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, faida ya mtoto ndiyo itangulie. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoshika mahali pa ile ya 2001, imetaja njia mbalimbali za kumtunza mtoto asiye na wazazi wa kumlea. Mwaka ule ule Serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi, wa 2022 hadi 2032, wenye nia ya kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Wakati huo ilikadiriwa kwamba watoto zaidi ya 40,000 walikuwa wakiishi makaoni, na wengi wao hawakuwa yatima kamili. Walikuwa na mzazi au jamaa aliye hai, nao walipelekwa huko kwa sababu ya umaskini, au kwa kutafuta shule.

Sasa yafaa nieleze tofauti ya njia hizo, maana watu huzichanganya. Ya kwanza ni kulelewa na jamaa, nayo mnaijua. Ya pili ni kuasili, ambapo mtoto huwa wako kabisa kwa amri ya mahakama, akachukua jina lako na haki ya kukurithi. Ya tatu ni kafala, ambayo ndugu zetu Waislamu wanaifahamu: mtoto hulelewa kama mwana, lakini nasaba yake haibadiliki, na mwenye kumlea aweza kumwachia mali kwa wasia usiopita theluthi moja. Ya nne, ambayo ndiyo niliyokuja kuisemea, ni malezi ya muda. Hapa mtoto huwekwa kwa mlezi asiye jamaa yake, aliyechunguzwa na kuandikwa, akae naye mpaka wazazi wake waweze kumpokea tena, au mpaka apatiwe makazi ya kudumu. Mlezi huyo si mwenye mtoto. Ni mtu aliyewekewa amana.

Njia hii ya nne ni nzuri, lakini bado ni changa kwetu, na ikitumiwa ovyo yaweza kumdhuru mtoto. Yako mambo manne ambayo lazima tuyatengeneze.

Jambo la kwanza ni kumchagua mlezi. Sote twajua kwamba wako watu wanaochukua mtoto wa maskini wakisema wanamsaidia, kumbe wanatafuta mchunga mbuzi au mtumishi wa jikoni asiye na mshahara. Watoto wa nyumba huamka saa moja waende shule; yeye huamka saa kumi achote maji. Mtu wa namna hiyo hastahili kuitwa mlezi. Katiba yamkinga mtoto asitumikishwe katika kazi za kumdhulumu, na yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Kazi za nyumbani si dhambi, maana ndizo zimfundishazo mtoto. Kipimo ni chepesi: kazi afanyazo yeye ziwe zile zile wafanyazo watoto wako, na kitanda, sahani na daftari viwe sawasawa. Wanaoweza kumtambua mtu kwa kipimo hicho kabla hajapewa mtoto ni ninyi majirani, kwa hiyo mkiulizwa na ofisa semeni kweli.

Jambo la pili ni ukaguzi. Tusidhani kwamba mtoto akiisha kuwekwa katika nyumba ya mlezi kazi imekwisha. Mwezi wa Januari 1945, mtoto wa miaka 12 aitwaye Dennis O'Neill alikufa katika shamba moja la Shropshire, Uingereza, alikowekwa na wakuu wa mji wa Newport ili alelewe. Alikuwa amepigwa na kunyimwa chakula. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliomweka huko hawakumwangalia ipasavyo. Kisa hicho kiliwashtua Waingereza, nacho kilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoleta Sheria ya Watoto ya 1948, ambayo iliagiza halmashauri ziwe na maofisa wa watoto. Sisi tusingoje maiti ndipo tujifunze. Mtoto atembelewe mara kwa mara, aonwe peke yake, aulizwe mwenyewe, na mwalimu wake aulizwe pia. Ofisa mmoja mwenye eneo kubwa na bila gari hawezi kazi hiyo. Ni lazima apewe wasaidizi.

Katika jambo hili twaweza kuwatazama jirani zetu wa Rwanda. Baada ya mauaji ya 1994 familia nyingi huko ziliwapokea watoto wasio wa damu yao. Kisha, kuanzia mwaka 2013, Serikali yao iliendesha mpango uitwao Tubarerere Mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia, na makao mengi yakafungwa kidogo kidogo. Katika kila kijiji walichaguliwa watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wa kuziangalia familia na kupeleka habari mapema penye shida. Hawakuleta majumba mapya wala mitambo. Walitumia macho ya watu wanaoishi karibu na mtoto, na macho hayo hata sisi tunayo.

Jambo la tatu ni fedha. Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mlezi aliye tayari kumpokea mtoto aweza kushindwa na sare za shule, dawa na unga. Tangu mwaka 2004 Serikali ya Kenya imekuwa na mpango wa kuzipa fedha nyumba zinazolea yatima na watoto walio katika shida, nao umesaidia wengi. Walezi wa muda nao wanahitaji msaada wa hakika, unaofika kwa wakati, ili watu wa kima cha kawaida waweze kujitolea, wala kazi hii isiwe ya matajiri peke yao. Lakini tusiugeuze utaratibu. Mwongozo uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009 wasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kama mama ana upendo na hana unga, msaidieni kupata unga. Ni ajabu kumpa mgeni fedha za kumlea mtoto ambaye mama yake angaliweza kumlea kwa fedha zizo hizo.

Jambo la nne ni vijana. Mtoto wako wa kuzaa akitimiza miaka 18 hufukuzwi nyumbani asubuhi ya siku ile. Huendelea kula kwako, akaja likizo, akakuomba nauli ya kutafutia kazi. Mtoto aliyelelewa na mlezi, au aliyetoka makaoni, naye ahitaji mlango wa kurudia. Katika Uingereza, sheria ya 2014 iliwaruhusu vijana kubaki na walezi wao mpaka miaka 21 ikiwa pande zote mbili zimekubali. Kwetu hapa twaweza kuanza na lililo jepesi, yaani hati zao. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kubwa kupata kitambulisho, na bila kitambulisho hapati kazi ya kuandikwa wala hafungui hesabu ya benki. Katiba, kifungu cha 14, yasema kwamba mtoto aonekanaye kuwa chini ya miaka minane, aliyeokotwa Kenya bila wazazi wake kujulikana, ahesabiwe kuwa raia wa kuzaliwa. Haki iko, lakini lazima mtu aiandikie barua na kupanga foleni. Cheti kitafutwe angali mdogo, si siku ya kuagana naye.

Nimesikia watu wakisema, “Nikimpenda mtoto huyo kisha wakaja kumchukua, moyo wangu utavunjika.” Maneno hayo si ya kuchekwa. Ni kweli kwamba kazi hii ina uchungu, na mlezi aandaliwe kwa uchungu huo tangu mwanzo. Lakini mtoto aliyependwa kwa miezi minane hatoki mikono mitupu. Hutoka akijua kwamba watu waweza kuaminiwa, na bila ujuzi huo hata mzazi wake mwenyewe atashindwa naye. Wengine husema, “Mtoto wa watu akipatwa na jambo, nitalaumiwa mimi.” Jibu lake ni kufuata sheria. Anayemchukua mtoto kimya kimya hana wa kumtetea. Aliyeandikwa ana ofisa wake, ana karatasi zake, na ana mashahidi.

Basi mkitoka hapa, fanyeni hivi. Mkimwona mtoto aliyeachwa, msimfiche nyumbani hata kwa nia njema. Mpelekeni habari chifu au Ofisi ya Watoto ya kaunti ndogo, au pigeni simu namba 116, ambayo haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Aliye na nafasi nyumbani na moyoni, naye aende ofisi hiyo hiyo aulize masharti ya kuandikwa mlezi. Asiye na nafasi ajifunze jina la mtoto aliyewekwa kwa jirani, amwamkie njiani, na amtazame kama ana viatu na kama anacheka.

Makanisa, misikiti, na vyama vya akina mama vina orodha ya wagonjwa wa kuwatembelea na wafiwa wa kuwachangia. Naomba katika orodha hiyo muongeze nyumba moja inayolea mtoto asiye wao. Mkono mmoja haulei mwana, na yule mlezi mnayemwona amesimama peke yake mlangoni na mtoto wa watu, anaingoja mikono yenu.