Mlevi na Mgema Wake: Ucheshi katika Ngano ya Safari



Mwaka 1952 kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapisha The Palm-Wine Drinkard, kitabu chembamba cha Amos Tutuola, Myoruba wa Abeokuta. Mgema aanguka mtini, afa. Bwana wake, ambaye hana kazi nyingine duniani ila kunywa tembo, afunga safari kumtafuta katika Mji wa Wafu. Mashujaa wa ngano nyingi hutafuta mke, hazina au ufalme; huyu ana kiu tu. Shamba alilopewa na babaye lina michikichi 560,000 (mfasiri asikimbilie kuandika minazi), na kila asubuhi hunywa vipipa 150.

Kinachochekesha zaidi ni uzito wa hesabu zenyewe. Kabla ya kuingia ndani ya mti mweupe, mlevi na mkewe wauza kifo chao kwa pauni 70, shilingi 18 na peni 6. Hofu yao waikopesha kwa faida ya pauni 3 na shilingi 10 kwa mwezi. Watokapo, hofu yarejea kwao, kwani ilikopeshwa tu. Kifo hakirudi: kimekwisha kuuzwa. Basi tangu hapo waogopa kama watu wote, na kufa hawawezi. Mtoto huyacheka mazimwi. Anayeicheka biashara hii ni mtu mzima aliyewahi kuweka kitu rehani.

Wasomi kadhaa wa Nigeria walikionea haya Kiingereza chake kisicho sanifu, huku baadhi ya wahakiki wa Uingereza wakikishangilia kana kwamba makosa ndiyo sanaa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilitazama ganda. Tutuola alikuwa tarishi katika Idara ya Kazi mjini Lagos, na msimulizi wake huyaeleza maajabu kama mtu atoaye taarifa ofisini: tukio hufuata tukio, bei hutajwa, wala hapana anayeshangaa. Kwa hiyo atakayemfasiri asimpe Kiswahili kilichovunjika, maana msomaji atamcheka mwandishi badala ya mlevi. Asimpambe pia kwa msamiati wa tenzi. Ampe Kiswahili cha karani mwaminifu, hasa pale mwishoni, mgema anapopatikana na kueleza kwa upole kwamba wafu hawaruhusiwi kukaa na walio hai, kisha akampa bwana wake yai arudi nalo nyumbani.