Dhahabu, Maji na Ramani ya Kijiji: Wapi Ardhi ya Songwe Inadhurika Haraka

Hapa Tunduma hatuchimbi dhahabu. Tunaishi kwa mpaka na malori. Lakini tunakula samaki wa Ziwa Rukwa, na hilo linatosha kutuingiza katika mada hii.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mabonde mawili ya maji. Mto Songwe unaotutenga na Malawi humwaga maji Ziwa Nyasa, ambako njia ya kutokea ipo: Shire, Zambezi, hadi Bahari ya Hindi. Songwe mwingine, unaopita Galula, huishia Ziwa Rukwa, na ndiko yanakoelekea pia maji ya machimbo ya Saza na Mkwajuni. Rukwa halina mto unaotoka. Maji hupaa kwa jua, tope na sumu hubaki.

Sasa twende kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Mawe ya duarani, yaani shimo la machimbo, husagwa, unga ukapitishwa mwaloni, yaani mfereji wa kuoshea, zebaki ikashika dhahabu, kisha ikachomwa hadharani. Zebaki nyingine huondoka na marudio, yaani mabaki ya unga huo, nayo marudio huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi. Hapo ndipo pabaya zaidi: sayanaidi ikikutana na zebaki huifanya iyeyuke na kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka mtindo huo ukomeshwe. Zebaki ikifika kwenye tope la ziwa, bakteria huigeuza kuwa sumu inayopanda hadi kwenye samaki.

Kwa hiyo tathmini ya madhara ya uchimbaji isihesabu mashimo tu. Iulize sumu inapita wapi, udongo unaipokeaje, na nani hana kisima kingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Mimi naiona mita 60 kama mwanzo tu. Kwenye korongo la mchanga, ambako kiangazi watu hufukua maji ya kunywa, mvua moja kubwa ya masika hubeba sumu kuvuka umbali huo bila shida, hasa penye mteremko.

Tatizo la pili, baada ya sumu, ni la ofisini. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji nafasi ya kupanga makazi, malisho na msitu wake. Leseni ya uchimbaji hutolewa kwa Sheria ya Madini ya 2010, kwenye meza nyingine. Ramani ya kijiji na ya leseni mara nyingi hukutana wakati ugomvi umeshaanza, na mfugaji ndiye hupoteza njia ya kunyweshea.

Ombi langu kwa maofisa mipango waliopo hapa ni dogo. Kwenye ramani ya kijiji chorani karasha, lundo la marudio, kisima na mteremko unaoviunganisha. Na mpango ambao ofisa madini hajaukalia kikao pamoja na wanakijiji, msiupeleke kwenye baraza la madiwani.