Kazi ya Kalibu
Maneno waliyoambiwa waalimu na Wakristo katika sikukuu ya Jubilei



Tumeagizwa tuseme habari ya kazi za mikono, nasi tumechagua ile tuijuayo, yaani kufanyiza kalibu na kumimina mapambo ya kanisa. Labda wengine watasema kwamba ni jambo dogo kwa siku kubwa kama hii. Lakini yatazameni madirisha ya kanisa mliloingia leo asubuhi. Yale matofali yenye matundu ya msalaba yametoka katika kalibu, nayo yana habari yao, wala si habari ya sifa tupu.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Kalibu ni chombo chenye umbo la kinyume: palipo na shimo katika kalibu, hapo patakuwa na nundu katika kitu kitakachotoka. Fundi huanza kwa kufanyiza mfano wa udongo wa mfinyanzi au wa mti, akaupaka sabuni au mafuta usigandamane, kisha akaumwagia jasi. Jasi ni jiwe laini lililookwa kwa moto wa kiasi hata likapotewa na sehemu kubwa ya maji yake, kisha likasagwa. Likirudishiwa maji hugeuka jiwe tena, mara nyingi kabla ya nusu saa kwisha, tena hutanuka kidogo sana, kwa hiyo hushika kila mstari wa mfano, hata alama ya kidole. Lakini jasi haifai nje, kwa kuwa mvua huila polepole. Basi pambo la ndani huweza kuwa la jasi, na la nje liwe la saruji.

Kuta za kalibu lazima ziinamishwe kidogo, mdomo uwe mpana kuliko kitako, ili kitu kitoke pasipo kuvunjika. Na umbo likiwa na pembe za kuingia ndani, kalibu hukatwa vipande viwili au vitatu vinavyoshikana. Kwa saruji, sisi hutia kipimo kimoja cha saruji na vitatu vya mchanga safi wa mto. Mchanga wa pwani hatuutaki, kwa kuwa chumvi yake hula vyuma vilivyomo ndani. Maji yawe kiasi tu, na kalibu igongwegongwe ili mapovu ya hewa yapande juu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Watu hudhani saruji hupata nguvu kwa kukauka, kama nguo iliyoanikwa. Sivyo hata kidogo. Saruji hushikana kwa sababu ya maji. Ikinyang'anywa maji mapema na jua, hubaki dhaifu siku zote. Kwa hiyo hufunikwa magunia mabichi, yapata siku 7, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Wazee wetu wa pwani walijua subira ya namna hii tangu zamani. Walichoma matumbawe kupata chokaa, wakaizima kwa maji, wakapamba nyumba za Lamu kwa zidaka na nakshi za chokaa ambazo nyingine zingaliko hata leo.

Kazi hii inatajwa katika Maandiko Matakatifu. Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane, alisubu vyombo vya shaba vya Hekalu katika udongo wa bonde la Yordani, kati ya Sukothi na Sarethani. Lakini kabla yake Haruni alifanyiza ndama ya kusubu jangwani. Ufundi ni mmoja. Iliyotofautiana ni mioyo ya wafanyao.

Sasa tuwaambie habari yetu. Mwaka 2008 tuliagizwa, sisi watatu, katekista na vijana wawili, tumimine matofali 40 ya madirisha kabla Baba Askofu hajaja kutoa Kipaimara. Siku zilikuwa chache. Tuliunga kalibu ya mbao kwa haraka, tukaanza. Tulipofika tofali la thelathini ndipo tulipoona kwamba mkono mmoja wa msalaba ulipinda, na ya kwanza yote yalipinda vile vile. Tukasema, Nani atakayepima? Tena tuliyatoa katika kalibu asubuhi ya pili, tukayaanika juani. Mengi yakafanya nyufa. Tukayapaka uji wa saruji na chokaa nyeupe, tukayajenga dirishani. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tulijiona tumeitii. Kumbe kupaka si kuziba.

Baba Askofu akaja, akayasifu madirisha mbele ya watu wote. Sisi tukainamisha vichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Masika ilipofika, usiku mmoja tofali moja lilikatika likaanguka juu ya benchi wanapokaa kina mama waimbaji. Saa mbili tu kabla ya hapo walikuwa wameketi palepale wakijifunza nyimbo. Hatukulala usiku ule. Asubuhi tulikwenda kwa Padre, tukamwambia yote, na Jumapili tukasimama tukawaambia Wakristo. Mama mmoja mzee alituuliza swali moja tu: "Mlijua?" Tukajibu, "Tulijua, mama." Hilo ndilo jibu gumu kuliko yote tuliyopata kutoa katika kanisa lile.

Fundi mmoja mzee akaja kutufundisha upya. Alitwaa kalibu yetu, akaitia motoni, akasema, "Tofali bovu huvunjwa peke yake. Kalibu mbovu ikiachwa, itazaa tena." Tukayabomoa yote 40, hata yaliyoonekana mazima, tukamimina mengine, tukayalinda chini ya magunia mabichi siku 7 kamili.

Ndugu, katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, ambalo msingi wake uliwekwa Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, Askofu Steere alijenga paa la kuba kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Husimuliwa kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini wakati yeye hayupo, naye akaziacha vile vile. Ziko hata leo, kila mtu huziona, wala hazimdhuru mtu. Kosa letu sisi lilikuwa dogo kwa macho kuliko lile, ila tulilificha, na kidogo lingeua.

Ninyi waalimu, watoto wetu humiminwa katika mwenendo wenu. Mkono ukipinda kwenu, utapinda kwa thelathini. Basi tuipime kalibu kabla ya kumimina. Tukikosa, tuseme mapema, kabla ya masika.

Mungu alibariki Kanisa lake, na kazi za mikono yetu. Amina.