Sumu Iliyo Katika Ngozi ya Bakteria



Juma lililopita mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba moto huua vijidudu. Je, na sumu yao hufa?" Nilimwomba anipe muda nikasome. Leo nimekuja na jibu.

Bakteria wengine, kama wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, wana sumu katika ngozi yao ya nje. Ni mafuta yaliyoshikana na sukari. Mwaka 1892 daktari wa Ujerumani, Richard Pfeiffer, aliwaua bakteria wa kipindupindu kwa joto. Kisha akawadunga wanyama wadogo. Bakteria walikuwa wamekufa, lakini wanyama nao wakafa! Basi moto ule haukuimaliza sumu.

Najua mzee mmoja hapa atasema, "Kumbe tuache kuchemsha maji?" La, mzee wangu. Bakteria aliye hai huzaana tumboni. Aliyekufa hazai. Na sumu hii ikifika utumboni, ipo protini inayoipunguza makali. Hatari kubwa ni ikiingia katika damu.

Hata huko ina walinzi. Protini si ile ya maharage tu. Mwili nao hutengeneza zake za kazi. Ini hutengeneza protini moja inayozunguka na damu. Ikikuta sumu hiyo, huinasa. Nyingine huipeleka kwenye mafuta ya damu, ikafunikwa isidhuru. Nyingine huifikisha kwa chembechembe nyeupe za damu. Juu ya chembechembe hizo ipo protini inayoitambua. Bruce Beutler na wenzake huko Marekani waliigundua kazi hiyo mwaka 1998, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Hapo chembechembe hupiga mbiu, nawe unapata homa na kutetemeka.

Lakini sumu ikizidi, mbiu haikomi. Mishipa hulegea na kuvuja, damu hukosa msukumo, figo hushindwa. Kwa hiyo mgonjwa wa homa akihema mbiombio au akianza kusema ovyo, msingoje kuche. Mpelekeni kwa mganga usiku ule ule.

Mlinzi mwingine yumo katika maziwa ya mama. Yale ya kwanza, ya manjano, yana laktoferini nyingi. Hii ni protini inayoishika sumu pale penye ukali wake. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga, eti ni machafu. Hata yangu yalimwagwa. Mama mwenyewe aliniambia.

Haya, maswali.